Nyumba za bei nafuu sawa, lakini renti ya mwezi huu je?

Kila nikifungua simu siku hizi nakutana na picha za zile nyumba za serikali, ghorofa zimepakwa rangi, madirisha yanang'aa, na hapo chini watu wanaulizana depositi ni ngapi, fomu iko wapi, nani amepata. Sina vita na hizo nyumba, mwenye atapata apate. Lakini mimi na karibu kila mtu ninayemjua hapa Kisumu, na kule Nakuru nilikokaa kabla nirudi huku, hatununui nyumba mwaka huu wala mwaka ujao. Sisi tunalipa renti, na renti mwisho ni tarehe tano. Sasa uliza serikali, ya kaunti ama ile kubwa, mpango wenu ni upi kwa mtu ambaye mwezi huu mambo yamekataa? Utajibiwa na hizo ghorofa. Ni kama kwenda hospitali na homa afu unaonyeshwa ramani ya wodi mpya.

Na si ati wapangaji ni wachache. Sensa ya 2019 ilisema kwa nchi nzima karibu asilimia 61 ya familia zinaishi kwa nyumba zao wenyewe, na ukisikia hivo unaeza dhani mambo ni shwari, lakini hiyo namba imebebwa na mashambani, kule kila boma lina nyumba yake hata kama ni ya udongo. Ukihesabu mijini peke yake inageuka kabisa, karibu familia nane kati ya kumi zimepanga. Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, ni jiji la wapangaji. Kisumu hivo hivo. Kaptembwa, Rhonda, Free Area, Manyatta, Nyalenda, Obunga, huko kote watu wanaishi kwa nyumba ya mtu, na wengi wanajua jina la keretaka kuliko jina la diwani wao.

Haya mambo ya renti mimi nimeyajua kwa daftari. Shangazi yangu ni mwalimu aliyestaafu, ana ploti Manyatta, vyumba kumi vimepangana, ukuta wa mawe juu mabati, choo nje, mfereji mmoja wenye maji siku zingine. Alijenga na mkopo wa Sacco, na macho yalipoanza kumsumbua akaniambia, "Mwanangu, wewe ndo utaniandikia." Kwa hivo kaunta buku ikawa kwangu, ile kubwa ya gamba gumu, nikapiga mistari: chumba, jina, tarehe, alicholipa, salio, na pembeni ile namba ndefu ya M-Pesa. Ungeangalia safu ya "alicholipa" ungeelewa maisha ya watu wa hapa kuliko ripoti yoyote ya wataalamu. Tarehe 3, elfu mbili. Tarehe 9, mia tano. Tarehe 14, mia saba. Tarehe 27, mia tatu. Hiyo ni 3,500 kamili, mtu amemaliza renti ya mwezi, na mwezi mwenyewe umebakisha siku chache uishe ndo aanze nyingine.

Watu huongea kana kwamba kuna mpangaji mzuri na mpangaji mbaya. Kwa ile daftari sikuwaona hao wawili. Niliona mtu mmoja mwenye analipa vizuri miezi na miezi, afu kuna mwezi anaanguka. Januari wengi wanaanguka pamoja, juu ya shule. Mwezi wa tano na mwisho wa mwezi wa nane, shule tena. Matanga nayo, ukifiwa huku kwetu haiishii kwa kupewa pole, kuna gari la kupeleka mwili nyumbani, kuna hema, kuna ng'ombe, na mchango wa watu wa ploti hautoshi hata mafuta ya gari. Ugonjwa. Na vibarua wa kandarasi, mshahara wao ukichelewa miezi miwili unauona kwa daftari kabla uusikie kwa redio. Wakora pia wako, siwatetei, kuna jamaa wa chumba cha mwisho alihama usiku na balbu za shangazi na bado akang'oa koki ya mfereji akaenda nayo, sijui ya kazi gani. Lakini wa aina hiyo unawahesabu kwa vidole na vidole vinabaki.

Sasa niwaambie ya ploti jirani, juu hapo ndo utaona hii kitu vizuri. Mwenyewe hukaa Nairobi, mambo yote ni ya agenti. Kulikuwa na mama mmoja wa omena. Alikuwa ananunua kwa debe, anaanika tena kwa gunia mbele ya mlango wake, jioni anabeba anaenda kupimia watu Kondele. Mtoto wake akagongwa na boda, mguu ukavunjika, akalazwa, na hapo biashara ikalala juu ni yeye alikuwa anashinda wodini. Deni likafika mwezi mmoja na nusu. Asubuhi moja agenti akaja, kufuli ziko kwa mifuko ya koti, akaweka yake juu ya ile ya mama, akaandika namba kwa mlango na chaki, akaenda mlango mwingine. Hakuna barua, hakuna dalali, hakuna amri ya mtu yeyote.

Hapo ndani kulikuwa na yunifomu za watoto, godoro, jiko, sufuria, na debe mbili za omena kavu ya kuuza. Yaani ile kitu ingelipa renti ndo ilifungiwa ndani kwa sababu ya renti. Nilimsikia kwa simu akiongea na agenti, polepole bila kelele, "Bosi, nipe tu omena nitoe, nyumba ukae nayo mpaka nilete." Akakatiwa simu. Wakalala kwa dada yake Nyalenda, na siku mlango ulipofunguliwa omena ilikuwa imeshika ukungu, hata paka wa ploti aliipita.

Nilimsaidia kupiga hesabu baadaye, tumekaa kwa ngazi ya duka. Renti yake ilikuwa 3,500, kwa hivo deni lilikuwa 5,250. Depositi yake ikamezwa na ikabaki 1,750 ambayo ilibidi atoe ndo apewe vitu vyake. Chumba kipya Nyalenda, 3,000 ya renti na 3,000 ya depositi. Mkokoteni mia nane. Omena iliyoharibika ilikuwa mtaji wa kama elfu nne. Ukijumlisha, juu ya lile deni zikaenda zingine 10,800, na hapo sijahesabu watoto wanaotembea na giza la asubuhi kutoka Nyalenda mpaka shule ya Manyatta kwa sababu kuhamisha mtoto katikati ya muhula nako ni pesa. Mwenye ploti naye? Chumba kilikaa bure mwezi mzima na zaidi, agenti akalipwa tena ya kutafuta mtu. Kama 5,250 ingetoka mahali, popote, ikaingia moja kwa moja kwa simu ya agenti, hakuna mtu hapo angepoteza kitu. Huo ndo msaada wa renti ninaoongelea mimi. Siongelei mtu kulipiwa nyumba maisha yake yote, naongelea kuvushwa mwezi mmoja.

Kuna mtu atauliza, kwani hakuna sheria? Iko, tena ni ya zamani. Sura ya 296, sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba, inasema mwenye nyumba haezi kukutoa bila amri ya baraza la kodi, na akikusumbua makusudi ndo uhame ama uongeze pesa hilo ni kosa anaeza shtakiwa nalo. Tamu sana ukiisoma. Afu unafika kwa mlango wa hiyo sheria unaulizwa unalipa ngapi, juu inalinda nyumba zenye kodi isiyozidi sh 2,500 kwa mwezi, na kodi ya kupimia ni ile ya tarehe 1 Januari 1981. Mwaka huo 2,500 ilikuwa nyumba ya mtu wa ofisi, mwenye viatu vya kung'arisha. Leo ni chumba cha mabati na stima ya kuunganishiwa. Mama wa omena na 3,500 yake alikuwa tajiri machoni pa sheria, amezidi kwa elfu moja, kwa hivo anatumwa mahakama ya kawaida sawa na mtu wa ghorofa za Milimani. Nani ataenda kortini juu ya kufuli na mtoto yuko wodini? Hata ile njia halali ya kukamata vitu vya mpangaji kwa deni inataka dalali mwenye leseni, na kila mtu Manyatta anajua dalali mwenye leseni ni mtu wa kuja kwa watu wenye makochi.

2021 kulipelekwa bungeni mswada wa wenye nyumba na wapangaji, ulitaka sheria tatu kuukuu za mambo ya kupanga, hii ya 2,500 ikiwemo, ziunganishwe ziwe moja. Bunge lile likaisha 2022 mswada haujakuwa sheria. Tukabaki na 2,500.

Depositi ndo usiniulize. Kaptembwa nilipotoka niliambiwa yangu imeenda kwa rangi ya ukuta, na nikipita hapo ule ukuta bado uko na alama ya kalenda yangu. Siku hizi kuna mahakama ya madai madogo, inasikiza kesi za mpaka milioni moja na inafaa kumaliza kwa siku 60, na kwa mtu wa depositi kubwa hiyo ni njia. Kwa depositi ya elfu tatu unapima nauli na siku za kazi unaachana nayo, na wenye ploti wanajua utaachana nayo.

Nikianza kuongea msaada wa renti kuna wale wanasema hiyo ni mambo ya wazungu, serikali yetu haina pesa ya kulipia watu nyumba. Lakini serikali yetu imeshatoa pesa ya makao na si mara moja. Baada ya fujo za uchaguzi za 2007 na 2008, wakati showground ya Nakuru ilijaa mahema, familia zilipewa 10,000 ya kuanzia maisha na wenye nyumba zilizochomwa wakawekewa 25,000 ya kujenga upya. Hebu iangalie hiyo ya pili. Jirani yangu wa Kaptembwa alitoka kwa hayo mahema. Kila kitu chake kiliungua ndani ya chumba cha kupanga, na nyumba ya kujenga upya hakuwa nayo, juu iliyoungua ilikuwa ya mtu. Mpangaji akiunguliwa, karatasi inamwona aliyejenga.

Korona nayo. 2020 ushuru wa mshahara ulifutwa kwa wanaopata mpaka 24,000, na Kazi Mtaani ikaanzishwa, vijana wakazibua mitaro kwa sh 455 kwa siku kwa ile awamu ya pili, na kusema ukweli hiyo ndo ililipa renti za nyumba nyingi ninazozijua hata kama haikuitwa hivo. Renti yenyewe iliachwa kwa huruma ya mwenye nyumba. Kule Nyandarua kuna mmoja alisamehe wapangaji wake akaonyeshwa kwa TV, na wengine wakang'oa milango na mabati na watu wako ndani, wakaonyeshwa kwa TV hiyo hiyo. Seneti iliandaa mswada wa janga uliokuwa na kipengele cha mpangaji na mwenye nyumba kukaa chini wakubaliane vile italipwa. Haukuwa sheria.

Afu ikaja Mei 2024, mafuriko, watu wa kando ya mito Nairobi kama Mathare wakabomolewa, na Rais Ruto akatangaza 10,000 kwa kila familia ya kutafutia pa kuhamia. Hiyo ni nini kama si msaada wa renti? Pesa ilipatikana, kwa sababu maji yalikuwa yanaonekana kwa kamera. Huku kwetu ziwa lilipanda kuanzia 2020 likaingia kwa watu Dunga, na Ziwa Nakuru likaingia Mwariki, na hasara ikihesabiwa huwa ni ya mwenye shamba na mwenye nyumba. Mpangaji yeye ni mtu tu amebeba godoro. Na yule wa kufungiwa kwa sababu mtoto amelazwa hana hata maji ya kuonyesha.

Turudi kwa pesa, maana kila mtu anasema hakuna. Sheria ya nyumba za bei nafuu ilitiwa sahihi Machi 2024. Unakatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri anaongeza 1.5. Mtu wa elfu thelathini anakatwa 450, bosi wake 450, hiyo ni 900 kwa mwezi na kwa mwaka 10,800. Sijapanga ifike hapo, hesabu yenyewe imeangukia pale pale pa mama wa omena. Pesa hiyo sheria imeielekeza kujenga, na imemtaja vizuri mtu wa chini ya elfu ishirini, yeye atajengewa nyumba za kijamii, na wa kuanzia 20,000 mpaka 149,000 wana zao. Sawa. Kati ya leo na siku ghorofa yake itaisha, huyo mtu wa chini ya elfu ishirini anaishi wapi? Kwa renti. Nakuru walijenga nyumba 605 pale Bondeni, kazi nzuri, nimeiona, lakini sensa ilikuwa imehesabu watu zaidi ya 570,000 kwa huo mji. Hata ukijenga mara kumi ya hizo, wengi bado watakuwa wanangoja keretaka tarehe tano. Na kuna wazee, mtu wa miaka 70 akiwa kwa Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya wazee, anapata 2,000 kwa mwezi, ambayo haimalizi hata renti ya chumba cha shangazi, kula tuache kwanza.

Binamu yangu yuko Minnesota, kule Marekani, ambako Wakenya ni wengi hasa watu wa Kisii, anafanya kazi ya kutunza wazee. Yeye ndo aliniambia kuhusu vocha. Tangu 1974 wako na mpango, wanauita Section 8, familia inalipa kama asilimia 30 ya mapato yake na serikali inamalizia kwa mwenye nyumba. Nilipoisikia nilitaka kufunga virago. Afu akanimalizia: kati ya familia nne zinazostahili ni kama moja tu inasaidiwa, orodha inaeza fungwa miaka, na ukipata vocha bado unatafuta mwenye nyumba wa kuikubali. Wakati wa korona Bunge lao lilitoa dola zaidi ya bilioni 46 za kulipia watu renti, mtu angelipiwa mpaka mwaka mmoja na nusu, na kuna jirani yake aliokolewa na hiyo. Lakini katikati ya 2021 pesa nyingi bado ilikuwa imelala juu fomu zilikuwa nyingi, ofisi hazikuwa tayari, wenye nyumba wengine hawakutaka kujaza karatasi, na Agosti mwaka huo Mahakama ya Juu yao ikaondoa zuio la kufukuza wapangaji lililokuwa limewekwa juu ya korona. Yaani pesa iko, sheria iko, na mtu bado anatolewa nje kwa sababu karatasi iko njiani.

Jiji lao la Saint Paul nalo likapiga kura Novemba 2021 renti isipande zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka. Wajenzi wakaanza kusimamisha miradi, na mwaka uliofuata baraza la jiji likalegeza sheria kwa nyumba mpya. Mimi hiyo ilinifunza kuogopa dawa za haraka. Ukisema tu renti isipande, na nyumba ni chache, kuna mahali patafura.

Kwa hivo nikipewa kalamu ningeanza na kitu kidogo cha kaunti, Kisumu ama Nakuru, yoyote itakayotangulia. Mfuko wa kuvusha watu. Mwisho miezi miwili, mara moja kwa kipindi kirefu, pesa inaenda kwa mwenye nyumba wala haipiti kwa mkono wa mpangaji, na akiipokea haruhusiwi kuweka kufuli hiyo miezi. Swali la kwanza watu huuliza ni utajuaje nani ni mpangaji, na hawana mkataba wa karatasi. Kweli, ploti nyingi hakuna mkataba, kuna "utalipa tarehe tano" na mkono. Ukisema barua ya chifu, umefungua duka lingine la chai. Lakini simu ina daftari yake. Mtu ametuma 3,500 kwa namba moja kila mwezi, hata kama ni kwa vipande, hiyo historia iko M-Pesa na haijaandikwa na mtu wa kuhongwa. Na njia ya kutuma iko, Hustler Fund ya serikali imekuwa ikitoa mikopo kwa simu tangu Novemba 2022, kwa hivo tusidanganywe ati mitambo ni ngumu.

Ngumu ni mwenye ploti. Ukiwa na mapato ya renti kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, KRA, wale wa kukusanya ushuru, wanataka asilimia 7.5, ilikuwa 10 wakaishusha Januari 2024. Vyumba kumi vya shangazi vikijaa mwaka mzima ni 420,000, ushuru wake 31,500. Yeye hulipa, na kila mwezi analalamika kwamba majirani hawalipi. Hao majirani ukiwaambia kaunti itawatumia renti ya mpangaji wao hawatashukuru, watauliza hiyo pesa inaacha alama wapi. Afadhali wafunge chumba. Ndo maana mimi ningesema mwenye nyumba akikubali mpango apunguziwe kitu kwa huo ushuru, hata kidogo, apate sababu ya kuonekana. Najua kuna watu watasema tunatuza wakwepa ushuru. Pengine. Lakini bila mwenye ploti hakuna mfuko utafanya kazi, na wenye ploti wa huku wengi si matajiri, ni walimu waliostaafu, wauguzi, wajane, na nyuma yao kuna mkopo unaokatwa.

Wasiwasi mwingine ni renti kupanda. Mwenye nyumba akijua kuna pesa ya serikali, kesho 3,500 inakuwa 4,500. Kwa pesa ya kila mwezi kwa kila mtu naona hiyo hatari. Kwa mtu aliyelazwa mtoto, mara moja, sioni mtu akipandisha renti ya ploti nzima akingoja mtoto wa mtu avunjike mguu.

Saa hii, kwa wenye wanasema haiwezekani, msaada wa renti uko. Ni dada yako. Ni Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, unayofuliza ukijua kesho itajikata. Ni shailoki wa sokoni mwenye anashikilia kitambulisho chako na simu. Ploti ya shangazi wako na chama, kila Jumapili mia moja kwa chumba, na kuna siku ilimvusha fundi wa viatu wa chumba cha nne, lakini mia moja mara kumi ni elfu moja kwa wiki, kama elfu nne kwa mwezi, wawili wakianguka mwezi mmoja chama kinaanguka nao, na Januari wanaanguka sita.

Nilimpelekea shangazi haya mawazo nikiwa nimeyapanga vizuri, nikidhani atafurahi. Akasikiza mpaka mwisho akiwa anachambua mboga. Akauliza hiyo pesa itaingia tarehe ngapi, juu Sacco inamkata tarehe kumi na mbili. Nikamwambia hiyo tutaiandika kwa mpango, kabla ya tarehe kumi. Akasema, "Na isipoingia? Huyu mpangaji wangu mimi namwona kila asubuhi akienda mferejini, namuuliza. Hao wa kaunti nitawaulizia wapi?"